Raleigh ya mzee na habu ya Nexus gia tatu: uzoefu wangu hapa Dodoma

Kama una baiskeli ya Raleigh ya zamani, ile ya chuma kizito na breki za vyuma, na unaishi Dodoma, nakushauri uifunge habu ya gia za ndani, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma chenye gia humo ndani. Mimi nimefunga Shimano Nexus ya gia tatu, ile yenye breki ya kurudisha pedeli nyuma, na naipenda kweli. Baiskeli ilikuwa ya marehemu baba, sikutaka igeuke kitu kingine, na gia za kuning'inia nyuma sikuzitaka kabisa maana vumbi letu mnalijua, ikifika mwezi wa saba upepo unapuliza kutwa nzima na kila penye mafuta panakuwa tope. Hizi za ndani zimefungiwa humo humo kwenye habu, nje unaona cheni moja imenyooka basi. Na wanaosema unaiharibu Raleigh wajue kwamba kampuni ya Sturmey-Archer ilianza kutengeneza habu za namna hii tangu 1902 hukohuko Nottingham, Uingereza, zilikotoka Raleigh zenyewe.

Habu niliipata kwenye baiskeli za mtumba kutoka Uholanzi, gurudumu zima na swichi yake ya kubadilishia gia na waya wake kwa 85,000. Chukua gurudumu zima, usikubali habu tupu. Fundi wangu pale Majengo alitaka tuihamishie kwenye rimu ya Raleigh, tukahesabu matundu ya spoki, rimu ya nyuma ya Kiingereza ina 40 na habu ina 36, mjadala ukaishia hapo. Halafu tairi nazo, zote zimeandikwa 28 lakini haziingiliani, ya Raleigh ni 28 x 1½ ambayo kipimo chake cha rimu ni 635, na ya gurudumu la Uholanzi ni 622, kwa hiyo ukienda dukani ukataja 28 tu utapewa yoyote. Soma hivyo vipimo vidogo ubavuni mwa tairi.

Fremu kwa nyuma ilikuwa na nafasi ya milimita 110 na habu inataka 120. Chuma kile kinapanuka bila moto, fundi alitumia studi ndefu yenye nati mbili, anafungua taratibu, anaachia, anapima, maana chuma kina tabia ya kurudi kwa hiyo lazima upitilize kidogo. Kisha tukafunga uzi kuanzia nyuma upande mmoja, ukazunguka bomba la mbele la usukani, ukarudi upande wa pili, tukapima umbali wa uzi na bomba la siti kulia na kushoto. Zikiwa sawa fremu imenyooka. Usimruhusu fundi aruke hatua hii hata akikuambia ana uzoefu wa miaka mingi.

Sasa niseme kuhusu washa, vile vipande bapa vya chuma vinavyokaa chini ya nati, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Ekseli ya habu hii imechongwa bapa pande mbili, na inakuja na washa zenye ulimi unaoingia kwenye mkato wa fremu ili ekseli isizunguke. Mafundi wengi wanaziona kama urembo wanazitupa, wanafunga nati kwa nguvu wanasema imeshika. Haishiki! Gia zikifanya kazi zinaisukuma ekseli izunguke, ikizunguka waya unavutika, gia zinapotea na mkato wa fremu unalika. Sisi mkato ulikuwa umejaa rangi ya zamani, tukapitisha tupa kidogo mpaka ulimi ukakaa vizuri. Kuna na ule mkono wa breki upande wa kushoto, lazima ufungwe kwenye bomba la chini la nyuma la fremu kwa kibanio cha chuma, bomba za Raleigh ni nyembamba kwa hiyo tulizungushia kipande cha tyubu kwanza. Usipoufunga, siku ukipiga breki unajipindua wenyewe.

Breki ya chuma ya nyuma tukaitoa, ya mbele nimeiacha na sitaitoa, kwa sababu cheni ikikatika breki ya pedeli nayo imekwenda. Swichi ya gia ikakaa kwenye usukani, pale ulipotoka mkono wa breki ya nyuma.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu ya meno. Mbele Raleigh yangu ina meno 46, nyuma ilikuwa 18, ni nzito kweli ukiwa na mzigo. Gia ya 2 ya Nexus inakwenda moja kwa moja, ya 1 inapunguza mpaka 0.733 na ya 3 inaongeza mpaka 1.364. Nikaweka sproketi ya nyuma ya meno 22, yaani gia ya 1 imekuwa nyepesi sana kuliko zamani na ya 3 bado ni kali kuliko ile ya mzee. Kupanda kuelekea UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na dumu la lita 20 kwenye keria napanda nimekaa, zamani nilikuwa nashuka nasukuma. Na kwenye taa unabadilisha gia ukiwa umesimama, kitu ambacho gia za nje haziwezi.

Kuiseti ni rahisi, weka gia ya 2, angalia kidirisha cha kile kikasha kilicho mwisho wa ekseli upande wa cheni, mstari ukae katikati ya alama. Kikasha chenyewe ni plastiki na kimejitokeza nje, kwa hiyo baiskeli iegemeze upande wa kushoto. Na habu isioshwe kwa petroli wala mafuta ya taa, yanayeyusha grisi ya ndani.

Shida yake moja ni pancha, na huku kwa miiba ya migunga pancha haziishi. Kutoa gurudumu la nyuma ni kazi, utoe kikasha, ufungue mkono wa breki, nati mbili za spana 15, halafu urudishe uvute cheni upya. Mimi sitoi, nalaza baiskeli, natoa tairi upande mmoja, navuta tyubu pale penye tundu tu, nabandika kiraka nairudisha. Tyubu ikichanika kabisa ndo nafungua, kwa hiyo spana 15 haikai nyumbani, iko kwenye kimfuko cha siti pamoja na viraka. Fundi alinichaji 25,000 kazi yote pamoja na kupanua fremu, na sproketi nilinunua pembeni.