Kanda za taarab bado zinaimba, CD zimekufa: uzoefu wangu wa kuhamishia muziki kwenye flashi

Kama una kanda za zamani na unafikiria kuzipeleka kwa fundi azihamishie kwenye flashi, peleka. Ila chagua fundi kwanza, maana unaweza kulipa na ukarudishiwa sauti ya mtu usiyemjua.

Zangu ni za taarab ya Mombasa, nyingi za miaka ya themanini: Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma. Baadhi zilinunuliwa kwa Mbwana Radio Service, enzi hizo ukitaka taarab ya hapa ndiko ulikokwenda. Nyingine zilirekodiwa harusini, vigelegele juu kwa juu na mtoto analia karibu na maikrofoni. Hizo za harusi ndizo zilizoninyima raha. Ya dukani ikiharibika, huenda kuna mtu Lamu au Muscat ana nakala. Ya harusi ikienda, imekwenda.

Wa kwanza niliyempelekea ana duka mjini, kompyuta nzuri, kiyoyozi, risiti imechapwa. Nikapata flashi yangu upesi kuliko nilivyotarajia. Nikaiweka kwenye spika: Bhalo amekuwa mtoto wa madrasa. Mashine yake ilikuwa inakimbia. Kanda ya kaseti inatakiwa kupita mbele ya hedi, kile kichwa kinachosoma sauti, kwa sentimita 4.76 kila sekunde, ikizidi kidogo tu sauti inapanda na mwendo wa ngoma unaharakishwa. Juu ya hapo alikuwa ameipitisha kwenye programu ya kuondoa mvumo. Mvumo ulitoka kweli, ukatoka na pumzi za mwimbaji na ule mkwaruzo wa udi unaokufanya ujue kuna mtu anapiga. Nilipomweleza akasema kanda za zamani ndivyo zilivyo. Basi, nikachukua kanda zangu.

Wa pili ni mzee anayetengeneza redio, kibanda chake hata kibao hakina. Nikamtolea kanda moja iliyokuwa ikipiga kwa mawimbi, mara sauti ipo mara imezama. Hakuitia kwenye mashine. Aliigeuza, akaitazama kwa ndani kwenye ule uwazi wa chini, akanionyesha: kile kipande kidogo cha feliti kinachokaa juu ya kibati cha shaba, kazi yake kuusukuma mkanda uguse hedi, kilikuwa kimebanduka kwa kuwa gundi imekauka. Akafungua skrubu tano, akachukua feliti kutoka kaseti nyingine ya mahubiri ambayo hakuna aliyeitaka, akaibandika, akafunga. Mwimbaji akarudi mzima.

Halafu akageukia redio kaseti yangu ambayo nilikuwa nimeambiwa na watu wawili watatu kwamba "inakula kanda". Alipoifungua, mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami, unanata vidoleni. Akaufuta kwa pamba na spiriti, polepole, huku akisema, "Mwanangu, kanda zako ni nzima. Kilichokufa ni hii redio."

Nimeyafikiria sana maneno yale, kwa sababu karibu kila kitu nilichokiona baadaye kimeyathibitisha. Tunalaumu kanda, kumbe mpira, gundi na grisi ndivyo vinavyotangulia kufa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mteja aliulizie. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo ya kuinyoosha. Hedi ikikaa upande kidogo tu, sauti nyembamba zote zinapotea na muziki unakuwa kama umefunikwa blanketi. Na kwa kuwa kila kanda ilirekodiwa na mashine yake, iliyonyooka kwa namna yake, mzee huyu huizungusha skrubu upya kwa kila kanda huku amevaa hedifoni, mpaka sauti ifunguke. Ndiyo maana haendi haraka. Kanda ya dakika 90 inamchukua dakika 90 na zaidi, na bei yake, shilingi 300 kwa kanda, mimi naiona ndogo. Zile za dakika 120 hakubali kuzirudisha nyuma kwa kasi hata umbembeleze. Ni nyembamba mno: unene wa mikroni 9 hivi, wakati za dakika 60 ni kama mikroni 18. Zilizoota ukungu mweupe ukingoni, ambao sisi wa pwani tunaujua vizuri, anaziweka mbali na nyingine na kuzisafisha kwanza, la sivyo ukungu unahamia kwenye mashine na kutoka hapo kwenye kanda ya jirani yako.

Sasa CD. Miaka ya elfu mbili mwanzoni kaka yangu alizichoma kanda hizi zote kwenye CD, akaandika kwa kalamu nzuri, akatangaza kwamba mambo ya kaseti yamekwisha. Leo nyingi hazisomi. Ukiishika moja mbele ya taa unaona vitundu vya mwanga. CD ya kuchoma si sawa na ya kiwandani: ya kiwandani imegongwa vishimo kwenye plastiki yenyewe, ya kuchoma imeandikwa kwa leza kwenye rangi, na rangi hupauka kwa joto na jua. Zaidi ya hapo, upande wenye maandishi ndio dhaifu, kwa sababu ule utando wa fedha umefunikwa na vanishi nyembamba tu. Sisi tulilinda upande wa chini. CD chache za dukani tulizonazo zinapiga bila tatizo.

Santuri nazitaja kwa heshima tu, sina mashine yake. Lakini sauti ya Siti binti Saad iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 tumeipata kwa sababu ilichongwa kwenye kitu kigumu, na santuri yake ikipata sindano inayofaa bado inaimba, mradi haijaanguka sakafuni.

Watu huniuliza kama vitu hivi vina kesho. Huko Marekani mwaka 2022 santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD, takriban milioni 41 kwa milioni 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Kaseti mpya nazo zinatengenezwa, kwa mfano Springfield, Missouri. Kwa hiyo umbo lenyewe haliendi popote. Wasiwasi wangu ni mashine. Redio kaseti mpya za bei nafuu, hata zikiwa na sura tofauti, nyingi ndani zina mtambo uleule ulionakiliwa kutoka muundo wa zamani wa kampuni ya Tanashin ya Japani, na mwendo wake unayumba. Nilinunua moja, nikaitoa zawadi. Redio kuukuu yenye mpira mpya inaishinda mbali.

Na wanaosema weka kila kitu mtandaoni, wakumbuke Myspace, mtandao wa kijamii ambako wanamuziki walipakia nyimbo zao: mwaka 2019 ilikiri kwamba muziki uliopakiwa humo kwa miaka 12 ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Flashi nayo ikikaa kabatini miaka bila kuchomekwa, chaji iliyobeba data huvuja. Kwa hiyo nina faili kwenye diski mbili, moja iko kwa dada yangu, na kanda zimesimamishwa wima kwenye kopo la biskuti lenye vipakiti vya kukausha unyevu.

Mzee nampa nyota nne kwa tano. Ya tano nimeikata kwa kuwa alinipa MP3, faili iliyobanwa na kupunguzwa sauti, mpaka nilipomwomba WAV, isiyobanwa, akalazimika kupiga kanda tatu upya. Ukienda, mwambie mapema, na usiende msimu wa mvua: umeme wa pale hukatika katikati ya kanda.