SEINet: kuangalia kaktasi za jangwani ukiwa Tanga

Aisee wapenda mimea wa Tanga ingieni SEINet, tovuti yenye rekodi na picha za mimea iliyobanwa na kukaushwa, bure kabisa na kuangalia tu huhitaji kujisajili. Mi nilitafuta Echinocereus engelmannii, ile kaktasi ya miiba mirefu na maua ya pinki iliyokolea, ya huko Arizona na Utah, zikaja sampuli kibao, lebo zinaonyesha nani kachuma, wapi, mwaka gani. Nimependa sana vile shina wanalipasua wanakomba nyama ya ndani ndo wanalikausha, maana ukilibana zima linaoza, na hata jani la mkonge wetu ni nene vilevile lina maji mengi. Rekodi zingine hazina picha, hapo nimeumia kidogo, na zenye picha kubwa zinakula bando balaa, tafuteni waifai.