Koleo la kutengenezea vipuli: tazama ndani ya mdomo, rangi ya mpini baadaye

Hamjambo wenzangu, karibuni tena. Niko hapa Kisumu, na mkisikia tuktuk huko nyuma mtanivumilia, maana dirisha silifungi na joto hili. Mezani leo nina makoleo manne ya kazi ya vipuli, mikufu na bangili. Hili la tano ni plaisi ya fundi wa stima, nimeileta makusudi. Acha nianze nayo, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye droo ya kila nyumba, na swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile: dada, si hii inatosha?

Hebu sogea uone ndani ya mdomo. Unayaona hayo meno? Yamewekwa ili nati au waya usiteleze, na kazi hiyo inaiweza sana. Sasa naubana huu waya wa shaba, naupinda kidogo tu... haya, tazama. Mistari, jino kwa jino. Shaba ni laini. Ukitaka kuiondoa mistari hiyo kwa msasa itabidi uukondeshe waya wenyewe. Mteja akishika kipuli cha namna hiyo hatakwambia kasoro iko wapi. Atakirudisha mezani pole pole, aende kwa jirani yako.

Wako wanaozungushia mdomo plasta. Kwa kupinda bangili nene, sawa, inasaidia. Kwa kitanzi kidogo cha kipuli plasta inateleza, halafu unene wake unakuziba usione unachokifanya.

Kwa hivyo koleo la vipuli sharti la kwanza ni ndani pawe laini, bila meno hata kidogo. Ukishalijua hilo, usikimbilie seti ya makoleo manane kwenye kifuko cha zipu, mipini ya waridi. Ni nzuri kwa picha. Kwa bei ile ile mimi nachukua matatu yaliyotengenezwa vizuri, kwa sababu katika yale manane utayashika hayo hayo matatu kila siku, mengine yalale humo kwenye kifuko yakishika kutu.

La kwanza ni hili la mdomo wa duara. Ncha zake ni mfano wa karoti mbili ndogo, nyembamba mbele, nene nyuma. Hili ndilo linalotengeneza vitanzi, na siri yake iko hapo kwenye unene. Ukikunja waya karibu na ncha unapata kitanzi kidogo, ukirudi nyuma kinakuwa kikubwa. Ndiyo maana vipuli vya anayeanza huwa pacha wasiofanana: kimoja kilikunjiwa mbele, cha pili nyuma kidogo. Chukua kalamu ya wino usiofutika, chora mstari kwenye mdomo pale unapotaka, kisha kila kitanzi kikunje kwenye mstari huo.

Tufanye kimoja. Ushanga uko kwenye pini, na juu yake nimeacha waya wa kama sentimita moja. Naupinda waya pale pale juu ya ushanga mpaka ulale, pembe mraba kabisa. Sasa nashika mwisho wa waya kwenye mstari wangu, mwisho usichomoze nje ya mdomo, nauviringisha kurudi upande wa ushanga. Mkono ukifika mwisho usilazimishe, achia, shika upya, malizia. Umeona kinavyokaa katikati? Usipoupinda kwanza, kitanzi kinaegemea upande mmoja na kipuli kinaning'inia kimepinda.

Na koleo hili si la kubania vitu. Mdomo wa duara unagusa waya mahali padogo sana, ukikaza unaacha kishimo. La kushikia ni hili la pili, lililochongoka, nje mviringo lakini ndani bapa. Nikiambiwa nibaki na moja tu mezani, nitabaki na hili. Linafika pembeni, linafunga ncha ya waya isikwaruze sikio, na ukiwa nayo mawili unafungua vile vipete vya kuunganishia.

Hapo kwenye vipete nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo mikufu inapokatikia. Kipete hakifunguliwi kwa kuvuta ncha kushoto na kulia, kikitanuka hivyo hakirudi kuwa duara. Shika kila upande kwa koleo lake, mkono mmoja uende mbele, mwingine uje kwako. Wakati wa kufunga rudisha vivyo hivyo, upitishe kidogo, urudishe, mpaka ncha zikwaruzane. Ukisikia ule mkwaruzo, kimefunga. Usikifungue na kukifunga mara nyingi lakini, shaba ikipindwa pindwa inakuwa ngumu na mwisho inakatika.

Lile la mdomo bapa, la tatu hapa mezani, ni la kupinda pembe kali na kunyoosha waya. Zuri, ila linaweza kungoja mwezi ujao.

La nne ni la kukatia, na hapa usibane pesa. Ligeuze: upande mmoja wa makali ni bapa, wa pili una mteremko. Upande bapa unaacha waya umekatika sawa, wa mteremko unaacha ncha iliyochongoka, ya kuchoma. Basi ule upande bapa uelekeze kwenye kipuli unachobaki nacho, ncha mbaya ibaki kwenye kipande cha kutupa. Waya ufunike kwa kidole unapokata, au uelekeze chini, maana vipande vinaruka na macho hayana spea. Waya mnene uingize ndani karibu na kiungo, usiukatie kwenye ncha. Na ule waya mgumu wa bangili, unaojikunja wenyewe? Huo ni chuma cha springi. Ukiukata na hili, makali yanapata pengo siku hiyo hiyo. Hapo ndipo plaisi ya stima inapopata kazi yake.

Sasa uko dukani, au uko soko la Kibuye Jumapili unapekua vyuma vya mtumba. Funga koleo, liinue kwenye mwanga. Ncha zikutane. Mwanga kidogo karibu na kiungo hauna neno, mwanga kwenye ncha lirudishe. Kisha tikisa mipini juu na chini, na mdomo ukicheza achana nalo, hakuna fundi atakayekurekebishia kwa bei inayoeleweka. Angalia kiungo, yale ambayo mkono mmoja umepenyezwa ndani ya mwenzake hukaa imara zaidi kuliko yaliyolaliana tu. Pitisha ukucha ndani ya mdomo. Kikwaruzo kidogo msasa laini utakiondoa, na pembe kali za mdomo zitulize kwa msasa huo huo. La kukatia lijaribu kwa uzi, ukatie kwenye ncha kabisa. Uzi ukitafunwa badala ya kukatika, sema asante uondoke. Muuzaji atanuna kidogo. Atazoea.

Urefu wa sentimita 11 hadi 13 unatosha mikono mingi, na liwe na springi, kwa sababu kufungua koleo kwa vidole kutwa nzima kunaumiza kifundo cha mkono.

Mtauliza waya. Kulabu za vipuli natumia milimita 0.8, inayouzwa kama geji 20. Kumbukeni geji ikipanda waya unakuwa mwembamba. Kwa mazoezi, muombe fundi wa stima mabaki ya kebo. Ile ya nyumba ya 1.5, yaani milimita mraba 1.5, yenye waya mmoja ina unene wa kama milimita 1.38, ni ya bangili, itakutesa kwenye vitanzi. Ile ya 2.5 yenye nyuzi saba, kila uzi ni karibu milimita 0.67, na hiyo ni tamu kweli kujifunzia. Mabaki nasema, jameni, si zile zilizo kwenye mlingoti. Na shaba tupu usimtie mtu sikioni, inaacha ukijani na wengine ngozi inawawasha. Kulabu nunua za chuma kisichoshika kutu.

Kwa sisi wa karibu na ziwa hewa ina unyevu, na koleo lililoachwa mezani na jasho la mkono linapata madoa haraka. Lifute kwa kitambaa kikavu, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, ufungue na kufunga mara kadhaa, ufute tena kabisa, la sivyo mafuta yanaingia kwenye uzi wa shanga na doa hilo halitoki.

Video ijayo nina shanga za mawe ya Tabaka, kule Kisii, tuzitoboe bila kuzipasua. Mwenye maji na sindano ya kutobolea aviweke tayari.