Uzoefu wangu: kadi za kukwangua, simu za kibandani na kompyuta za kukodi nikiwa ughaibuni

Kabla sijapata laini yangu kule nje nlitegemea vitu viwili tu kuongea na nyumbani, simu ya kibandani na intaneti kafe. Naandika kwa sababu hata saivi kuna watu wanafika ugenini simu imeibiwa au imezima, usajili wa laini unadai karatasi ambazo bado hawana, wanajikuta palepale nlipokua mimi.

Nianze na kadi za kukwangua. Unanunua kadi, unakwangua namba za siri, unapiga kwanza namba ya kampuni, sauti inakwambia ingiza namba za siri na ni tarakimu nyingi kweli, ukikosea moja unarudi mwanzo, alafu ndo unapiga 00, msimbo wa nchi, na namba ya mtu bila ile sifuri ya mbele. Hiyo sifuri ilinitesa wiki nzima ya kwanza, nlikua naiweka, simu haiendi, nikajua nimeuziwa kadi mbovu.

Sasa dakika. Sauti iliniambia kwa salio lako una dakika 60, nikafurahi, nikajiegemeza kwenye kioo nikaanza kuongea na mama, hatujafika hata 35 ikakata akiwa anaanza kunieleza majibu yake ya hospitali. Nilisimama na mkonga mkononi namsubiri arudi hewani, yani nilichelewa kuelewa kwamba imeisha. Usiku ule ndo nikasoma yale maandishi madogo nyuma ya kadi: kuna ada ya kuunganisha kila ukipiga, dakika iliyoanza inahesabiwa nzima, kupiga simu ya mkononi ni ghali kuliko ya mezani, na ukipigia kibandani wanakata zaidi hata kama ile namba ya kampuni wanasema ni ya bure. Dakika 60 zilikua za mtu anayepiga kutoka simu ya nyumbani kwenda simu ya mezani, mara moja bila kukata. Mimi kwakweli hili liliniuma na mpaka leo naona wangeiandika mbele ya kadi kwa herufi kubwa. Tangu hapo nikawa napiga mara moja kwa wiki, naongea mpaka iishe, sio vipande vipande maana kila kipande kina ada yake.

Kibanda chenyewe sina ugomvi nacho. Mlango unafungwa, kelele za gari zinapungua, na sauti ilikua safi kuliko simu nyingi za intaneti nlizotumia baadae.

Kompyuta za kukodi ndo zilinipa shida. Nlikua Ujerumani, na kiibodi zao Y na Z zimebadilishana nafasi. Paswedi yangu ilikua na y, na kwenye skrini unaona nyota tu, nikakosea mara tatu akaunti ikafungwa na muda wa kukodi unakimbia. Alama ya @ nayo unabonyeza kitufe cha AltGr, kile cha kulia mwa spesi, pamoja na Q, Ufaransa ni AltGr na sifuri. Kwahiyo ukikaa kwenye kompyuta ya ugenini andika kwanza paswedi kwenye kisanduku cha jina uione kwa macho, hakikisha nyuma yako hakuna mtu, futa, alafu ndo uiingize panapotakiwa.

Alafu siku moja nimekaa, nafungua folda ya mafaili yaliyoshushwa nitafute fomu yangu, nakuta picha ya pasipoti ya mtu, jina, namba, sura yake kabisa, alikuja kuchapisha akaondoka. Nikaifuta na kwenye pipa nikaifuta pia, ila nikawaza zangu ngapi nimeziacha pale. Kulogaut tu haitoshi jamani, faili ulilolishusha linabaki mpaka mtu alifute.

Saivi vibanda vinaisha. Ujerumani walizima malipo ya sarafu Novemba 2022 na ya kadi Januari 2023, New York waliondoa simu ya mwisho ya kulipia ya jiji Mei 2022, na zile nguzo zilizochukua nafasi zina waifai na simu za bure ila za ndani ya Marekani tu. Hata Skype wengi tuliyohamia imefungwa Mei 2025. Kwahiyo andika namba mbili tatu kwenye karatasi uiweke tofauti na simu, ukiibiwa utaazima simu ya mtu lakini namba hutakua nayo.

Kwa maksi, kibanda nakipa 4 kati ya 5, kadi 2 kwa sababu ya yale maandishi madogo, kompyuta ya kukodi 2 na ni kwa kusoma habari na kuchapisha tu, akaunti ya benki usiiguse pale hata kama una haraka vipi.