Ripea kiti ya nako za mbele kwa Land Cruiser mkonga: uzoefu wangu hapa Moshi

Nianze na hukumu, mwenye haraka asinisubiri. Ripea kiti (boksi la vipuri vya kukarabati nako, kile kifundo kinachogeuka na tairi la mbele) isiyo ya kiwandani niliyonunua inafaa kwa mipira na gasketi zake. Beringi zilizomo humo ziache. Na kama huna boksi spana namba 54, usifungue hata nati moja ya habu (kitovu cha tairi) mpaka umeipata.

Gari lenyewe ni HZJ75, Land Cruiser pikapu tunayoiita mkonga kwa lile bomba la hewa lililopanda juu, injini 1HZ ya lita 4.2, majani ya springi mbele na nyuma. Wenye HZJ79 yenye koili springi mbele (zilizoanza mwaka 1999) wasome kwa mawazo, lakini wasiende dukani na maelezo yangu. Waende na namba ya chasi. Hili langu ni la kazi. Linashusha ndizi kutoka Kibosho, linapeleka samadi na watu shambani upande wa Kahe, na huko chini kiangazi ni vumbi tupu, masika ni makorongo yenye maji. Hakuna mpira wa sili unaoyapenda maisha hayo.

Dalili zilikuwa zile ambazo kila mwenye mkonga anazijua na kuzizoea. Lile tufe la chuma nyuma ya tairi la mbele limelowa uji mweusi, uji umefika ukutani mwa tairi kwa ndani, breki inavuta upande mmoja, na ukitoka Boma Ng'ombe kuja Moshi kwenye lami safi, mwendo ukipanda kidogo, usukani unaanza kutetemeka mikononi. Nilivyowauliza mafundi jibu lilikuwa lile lile: "Hiyo ni kawaida ya hizi gari, ongeza grisi tu." Kuongeza grisi ni sawa kama kinachovuja ni grisi. Chovya kidole uone. Ikiwa nyepesi na ina harufu kali ya oili ya gia, basi hiyo ni oili ya difu, na tatizo halipo pale unapoona uchafu.

Ndani ya ekseli, kila upande, kuna sili moja ndogo inayozuia oili ya difu isiingie kwenye nako. Nako yenyewe inatakiwa iwe na grisi nzito tu, ya kulisha sivi jointi (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi hata likiwa limegeuzwa) na beringi za kingpini (vishikizo vya juu na chini ambavyo nako inageukia). Sili ile ikichoka, oili inapita, inaiyeyusha grisi, mchanganyiko unakuwa mwepesi na kutokea nyuma kupitia mpira na ule mkanda wa sufi unaopangusa tufe la chuma. Fundi akikubadilishia mpira wa nje peke yake, utakuwa mkavu kwa muda, halafu mtaonana tena.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo kwenye boksi lolote na hakikunigharimu hata mia: kipumulio cha difu. Ni kikofia kidogo juu ya ekseli. Ekseli ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, na kama kikofia kimeziba inatafuta njia kwenye sili. Ukiingia korongoni na ekseli ya moto, maji ya baridi yanaipoza ghafla, hewa inasinyaa, na sili hizo hizo zinavuta maji ndani. Changu kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka kama saruji. Nimekitoa na kuunga mpira mwembamba mpaka juu kwenye chumba cha injini, nikaufunga karibu na mkonga wenyewe. Ukifungua plagi ya difu ukakuta oili imekuwa nyeupe, anzia kwenye kipumulio, usianzie dukani.

Sasa duka. Nilipewa machaguo mawili. La kwanza ni kiti ya Toyota yenyewe, yenye sili, mipira, sufi na gasketi bila beringi, beringi unanunua pembeni. La pili ni boksi la kampuni nyingine, bei karibu nusu, na humo wameweka mpaka beringi za kingpini. Kijana wa dukani akanihakikishia, "Mangi, hiyo ni orijino kabisa, wenye magari ya watalii ndiyo wanachukua." Wenye magari ya watalii hutajwa kwenye kila duka la spea la Kaskazini, hata ukinunua balbu. Nikachukua ya pili, nikijua nachukua nini.

Sili za ndani zilinishangaza kwa uzuri: mdomo laini, springi ndogo imekaa vizuri kwenye mfereji wake, chuma cha nje hakina makunyanzi. Mipira mikubwa ya kupangusa tufe ni minene ya kutosha. Sufi ni nyepesi kuliko ile ya zamani niliyoitoa, nikailoweka kwenye oili usiku kucha kabla ya kuifunga ili isianze kazi ikiwa kavu. Gasketi za karatasi zimekatwa sawasawa, matundu yanakutana na boliti zake bila kulazimisha. Kwa boksi la bei hii sikutegemea.

Beringi hapana. Hazina jina, hazina namba iliyochongwa, zimefungwa kwenye karatasi ya nta tu. Roli zake ukizizungusha kwa kidole unasikia mchanga ambao haupo. Beringi hizi nne, mbili kila upande, juu na chini, ndizo zinazobeba nako inapogeuka. Hazizunguki mzima mzima, zinacheza mahali pale pale miaka yote, kwa hiyo roli zinachimba vijimfereji kwenye kikombe. Nilipotoa za zamani vijimfereji vilikuwa vinahesabika kwa ukucha, na hapo ndipo ule mtetemo wa usukani ulipokuwa unakaa. Kuweka chuma kisicho na jina mahali hapo ni kurudia kazi yote mapema. Nikaenda kwa wauza beringi nikachukua Koyo za Kijapani, na kikombe chake. Usichanganye beringi mpya na kikombe cha zamani.

Kilichokosekana kwenye boksi: zile washa zenye masikio zinazokunjwa kufunga nati za habu. Watakwambia rudishia za zamani. Masikio yaliyokwisha kukunjwa na kunyooshwa mara kadhaa yanakatika, na bei yake ni ndogo mno kuwekea rehani tairi.

Nirudi kwenye namba 54. Nati mbili za habu ya Land Cruiser hizi ni za saizi hiyo, na spana yake haimo kwenye seti yoyote ya kawaida. Gereji nyingi hapa wanazifungua kwa patasi na nyundo. Nati zangu zilikuwa zimeng'atwa pembe zote kwa mapigo ya miaka, na vipande vidogo vya chuma vilikuwa ndani ya grisi ya beringi ya tairi. Lakini kung'atwa si ubaya mkubwa. Ubaya ni kwamba kwa patasi huwezi kupima mkazo. Nati ya ndani inakazwa huku unazungusha habu ili beringi zikae, inalegezwa, halafu inakazwa tena kidogo tu, kisha washa, kisha nati ya nje. Fundi wa patasi anakaza mpaka aridhike. Ikilegea tairi linacheza, ikikazwa mno beringi inaungua. Boksi spana yangu ni ya chuma chembamba, si kitu cha kujivunia, lakini ndiyo niliyoitumia kuliko vyote nilivyonunua na ndiyo ninayoipa alama zote. Jirani yangu ana ya bomba la maji lililochomelewa na fundi wa Pasua, nayo inafanya kazi.

Kazi yenyewe ni chafu kuliko ilivyo ngumu. Uwanja wangu ni udongo, kwa hiyo chini ya jeki na stendi niliweka mbao nene, na tairi za nyuma nikazizuia kwa mawe. Kalipa unaining'iniza kwa waya, usiiache ibebwe na mpira wa breki. Vile vikoni vidogo (washa zenye umbo la koni) kwenye boliti za friwili, kile kifaa cha katikati ya tairi kinachounganisha habu na ekseli, na za mkono wa stelingi havitoki kwa kubanduliwa. Unagonga pembeni kwa kipande cha shaba na vyenyewe vinaruka. Shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) za juu na za chini zifungie kila moja mahali pake na uandike, kushoto juu, kushoto chini, kwa sababu ndizo zinazoweka nako katikati ya ekseli. Kuosha ndiko kulikokula muda. Mafuta ya taa, brashi, matambara, tena mafuta ya taa, mpaka tufe la chuma linang'aa, kisha msasa mwembamba pale penye kutu, maana ukiliacha na vipele litatafuna mpira mpya.

Grisi ni za aina mbili na nimeona watu wakipaka moja kila mahali. Ndani ya sivi jointi na nako ni ile nyeusi yenye molibdenamu, namba 2, ukijaza kiasi cha robo tatu. Beringi za tairi ni grisi yake ya kawaida ya beringi.

Masika yamepita juu ya kazi hii. Usukani umetulia, hata nikiwa na mzigo. Breki haivuti. Nako ya kulia ina utando mwembamba wa grisi kwenye tufe, na ndivyo inavyotakiwa. Likikauka kabisa ujue sufi haifanyi kazi. Kwa fedha, kiti, beringi za Koyo, grisi na spana kwa pamoja vimekaribia bei ya kiti ya Toyota pekee bila beringi. Nikirudia, nitanunua kiti hiyo hiyo na kumwachia muuzaji beringi zake, akikubali kupunguza bei. Mara ya kwanza hakukubali.

Upande wa kushoto bado unatoa jasho kidogo. Sili haina kosa: shafti ya ekseli inayozunguka ndani yake imelika mfereji mahali mdomo wa sili unapokaa, na sili mpya haiwezi kubana hewa. Nimeisukuma iingie ndani zaidi kidogo ili mdomo uguse chuma kizima, imesaidia, haijamaliza. Nimeulizia shafti iliyotumika kwa wauza spea za magari yaliyokatwa pale Unga Limited, Arusha, na bei waliyonitajia bado tunajadiliana kwa simu. Kwa sasa nafungua ile plagi ya juu ya nako kila baada ya safari ya Kahe, naingiza waya, naangalia kama grisi bado ni grisi.