Uzoefu wangu: Kampuni ya kuwapangia wazee makazi na kuwahamisha, Dar es Salaam

Kama shida yako ni kubebewa makochi tu, usiwaite. Fuso na vijana wanne watakutosha kwa bei ndogo zaidi. Niliwatumia kuwatoa wazazi ghorofani kwenda nyumba ya chini, na kilichostahili pesa ni ukaguzi wa nyumba mpya, uliofanyika kabla hatujalipa chochote kwa muuzaji.

Mkaguzi anapima uwazi wa mlango wenyewe, siyo fremu. Kwa kiti mwendo hakubali chini ya sentimita 80, na milango mingi ya vyoo vyetu haifiki hapo. Anataka pia mlango wa choo ufunguke kwa nje: mzee akianguka ndani akauegemea, hautasukumika. Baraza lenye kimo cha sentimita 15 alilipangia mteremko wa sentimita 180, yaani moja kwa kumi na mbili. Mafundi wengi hukujengea mteremko wa mita moja wakaondoka, na hapo kiti hakipandi bila mtu mwenye nguvu nyuma.

Vishikio vya chooni waliharibu. Walivifunga kwa plagi za plastiki (zile za kushikia skrubu ukutani) kwenye tofali za matundu, kimoja kikalegea mapema, kwa kuwa ndani ya tofali mle ni tupu na plagi haina cha kuuma. Dai matundu yajazwe zege kwanza, au bolti ipite hadi upande wa pili na kukazwa kwenye bamba la chuma. Walirekebisha bila malipo, ila kwa kusumbuliwa sana kwa simu.

Mambo ya hati mpelekee wakili. Hawakuulizia ridhaa ya mwenzi, ilhali Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa iuzwe bila ridhaa hiyo. Na wakati wa kupunguza vitu, zuia mtu asitupe risiti za saruji na nondo: ukiuza nyumba ya zamani, gharama za ujenzi zenye ushahidi hupunguza faida inayotozwa kodi.

Upande wa nyumba unayonunua, mwombe muuzaji anunue umeme wa LUKU (wa kulipia kabla) mbele yako. Kodi ya jengo inakatwa humo tangu 2021, kwa hiyo malimbikizo utayaona kwenye makato.

Siku ya kuhama, magodoro yapakiwe mwisho ili yashuke kwanza. Dawa, miwani na hati zisiingie kwenye lori kabisa.