Gitaa la umeme la kujitengenezea Mwanza: fedha uipeleke wapi kwanza

Kijana wa kwaya au wa bendi akiniuliza aanze kununua nini ili ajitengenezee gitaa la umeme, namjibu: shingo. Bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, seremala makini wa Buzuruga au Igoma ataikata vizuri tu. Shingo ndiyo yenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyogawa noti, na freti iliyokaa nusu milimita nje ya mahali pake itatoa noti ya uongo hata uwe na pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za bei gani. Njia zilizopo nazipanga kwa kipimo hicho.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote: nunua shingo iliyokamilika, bodi uchongeshe hapahapa. Chagua shingo ya kufungwa kwa skrubu nne, mtindo aliouingiza sokoni Leo Fender mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu ukikosea unaifungua na kurudia. Kabla ya kulipa, itazame kama seremala anavyotazama ubao, jicho kwenye ncha moja. Ikiwa imejisokota kama propela, iache. Ikiwa imepinda kidogo kama upinde, chuma kilichopita ndani ya shingo kitainyoosha, lakini zungusha nati ya chuma hicho hapohapo mbele ya muuzaji. Isipozunguka, iache pia. Kisha pitisha kiganja ubavuni. Ncha za freti zikikukwaruza, mbao imesinyaa na utakuwa na kazi ya tupa.

Bodi napenda mninga. Ukishakauka hautembei sana, na uzito wake bega linauvumilia. Mkongo ni imara lakini mzito. Mpiga solo atakayesimama usiku kucha ataujutia. Unene wa milimita 45 unatosha.

Tatizo ni ukavu. Bodi yangu ya kwanza niliikata kwenye mninga niliohakikishiwa kuwa ni mkavu. Kiangazi kilipokolea ikajikunja kama sinia, kitako cha shingo hakikulala tena, nyuzi zikapanda mpaka vidole vikauma. Siku hizi napeleka ubao kwenye mzani wa duka, naandika uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe, naulaza ndani juu ya vijiti ili hewa ipite chini, kisha napima tena baada ya wiki mbili. Uzito ukiwa bado unashuka, sikati. Kwetu huku ziwani, ubao uliorundikwa nje msimu wa mvua usiuamini kwa kuugonga na kuusikiliza tu.

Fedha igawe hivi: nusu shingo, robo pikapu na briji (daraja linaloshika nyuzi kwenye bodi), robo iliyobaki mbao, msasa, rangi na ujira wa seremala.

Njia ya pili ni gitaa la mtumba lililokufa umeme. Shingo ikifaulu ukaguzi ule, umepata bahati, maana waya uliokatika fundi redio ataulehemu kwa dakika chache. Ya tatu ni seti ya vipande vilivyokwisha tobolewa. Inafundisha, lakini seti nyingi za bei ya chini huja na pikapu dhaifu na freti zisizosawazishwa, na utazinunua upya. Ya mwisho ni kuchonga kila kitu mwenyewe, shingo ikiwemo. Hiyo iache mpaka gitaa la tatu.

Usinunue briji kabla ya kujua urefu wa nyuzi wa shingo yako. Pima kutoka kidaraja cha juu, pale shingo inapokutana na kichwa, hadi freti ya 12, zidisha mara mbili. Ukipata milimita 324, briji inakaa kwenye 648. Shingo za mtindo wa Gibson ni fupi zaidi, karibu 628.

Pikapu ya koili moja ina sauti safi inayofaa solo za dansi, ila inavuma karibu na taa za tyubu na nyaya za umeme. Hambaka, yenye koili mbili, inaua mvumo huo. Kwa kanisani nachukua hiyo. Kitufe cha volyumu kiwe cha kilo-omu 250 kwa koili moja, 500 kwa hambaka. Na waya wa athi (wa ardhi) lazima ufike kwenye briji.

Funga nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi). Bana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho: katikati, juu ya freti ya saba, ibaki nafasi ya karatasi mbili hivi. Chuma cha ndani kizungushe robo duara tu kwa mara moja, tuni, pima tena. Kwenye freti ya 12 uzi mwembamba uwe juu kwa milimita 1.6, mnene 2. Mwishowe gusa uzi juu ya freti ya 12 usikie mlio wa kengele, halafu ubane palepale. Noti ya kubana ikiwa juu zaidi, rudisha kitandiko cha uzi huo kwenye briji nyuma, mbali na shingo, mpaka sauti mbili zilingane.